Mama Mkwe wa Kiti cha Nyuma

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mdogo, ni fundi wa kutengeneza cherehani anayepita nyumba kwa nyumba. Tunamwita Bobini, kama kile kigurudumu cha uzi cha cherehani, kwa sababu ni mfupi, wa mviringo, na akianza kuongea ni kuzunguka tu. Zamani buti la gari lake dogo lilijaa vichwa vya cherehani vya chuma, vizito hadi pua ya gari ikawa inatazama juu. Siku hizi wateja wana cherehani nyepesi, na kwenye buti hukaa mkoba wa bisibisi, kopo la mafuta na mwavuli.

Nyuma kulipokuwa kwepesi, gari likaanza tabia. Kwenye kona, mbele kulikwenda alikotaka Bobini, nyuma kukaenda kulikotaka kwenyewe. Siku moja ya mvua, kwenye mzunguko wa barabara karibu na soko, liligeuka lote likasimama likitazama lilikotoka. Muuza ndizi mmoja akamwuliza, "Umesahau kitu nyumbani?"

Mtu mwingine angekwenda gereji. Bobini alinunua matairi mawili mapya akayafunga mbele, na yale ya mbele yaliyochoka akayahamishia nyuma.

"Mbele ndiko kunakoongoza," aliniambia. "Nyuma ni wafuasi tu."

Wafuasi wakazidi kuasi. Ndipo akampa lifti mama yangu.

Mama ni mtu mzima mwenye mwili wake, na haombi radhi kwa ajili yake. Alikaa nyuma upande wa kushoto, mkoba mapajani, akamkosoa Bobini njia nzima: anapiga honi ovyo, anafunga breki kama anaua mende. Bobini hakusikia hata neno moja. Alikuwa analisikiliza gari. Lilipita kwenye mzunguko limetulia, utadhani limeshonewa barabara.

Asubuhi iliyofuata alikuwa mlangoni kwangu, maana Mama anaishi nami. "Mama, nina mizunguko michache. Hutanisindikiza?"

Tangu baba afariki Mama alikuwa hatoki. Sasa akawa anaamka mapema, anapaka mafuta viatu vyake, anasubiri honi. Aliomba kukaa mbele, Bobini akamwambia wakubwa hukaa nyuma. Jirani alipomwuliza anakwenda wapi kila siku, alijibu kwa maringo, "Mkwe wangu hawezi kufanya kazi bila mimi." Na ilikuwa kweli tupu.

Mimi nilishangaa, kwa kuwa Bobini si mtu wa kupenda kukosolewa bure. Nilipombana, alinivuta nyuma ya nyumba.

"Shemeji, nilijaribu kwanza mfuko wa mchanga. Ukapasuka, buti likawa ufukwe. Mchanga unahama kwenye kona. Mama yako hahami."

"Kwa hiyo mama yangu ni mchanga?"

"Punguza sauti! Ni zaidi ya mchanga."

Ningenyamaza, kama ilivyo kawaida yangu. Lakini dada yetu mkubwa, anayeishi mji mwingine, akajifungua mtoto wake wa kwanza. Mama akafunga mizigo. Bobini alipoyaona yale mabegi, na mvua ndiyo kwanza zimeanza, nusura alie. "Mama, usiende sasa. Nitafanyaje mimi?"

Mama alifuta machozi, akafungua begi, akazirudisha nguo kabatini. Jioni ile dada mkubwa alipiga simu akiuliza amemkosea nini mama yake.

Nilimfuata Bobini kwake. "Litengeneze gari wiki hii, au nitamwambia mimi."

"Akijua, shemeji, hatanisemesha tena. Na huyo mke wangu naye ni binti yake!"

Tatizo likawa namna ya kufika gereji. Jumamosi ilinyesha, na njia ilikuwa ni ile ile ya mzunguko. Kwa hiyo Mama alikwenda pia, kwenye kiti chake, na mimi mbele.

Fundi wa matairi alikuwa mtu mrefu, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kushindana na kompresa ya kujazia upepo. Alichutama nyuma ya gari, akalikwaruza tairi kwa ukucha.

"Hili limekuwa gumu kama kisigino! Tarehe yake hii hapa ubavuni. Lina umri mkubwa kuliko mwanangu wa darasa la sita!" Akapima upepo. "Na umejaza kama la lori. Kwa nini?"

Bobini alikohoa. "Kuna mzigo kidogo."

Fundi alilitikisa gurudumu. "Bushi nazo, hizi raba za ndani, zimekwisha, ndiyo maana gurudumu linacheza. Yale mapya yaje nyuma, na mbele tuyatafutie ndugu zake, aina ile ile. Mbele kukiteleza utapunguza mwendo. Nyuma kukiteleza, utaona ulikotoka."

"Nimeshaona," alisema Bobini.

"Halafu springi ya kushoto imelala. Mzigo wako unakaa kushoto kila siku, siyo? Ushukuru, ndio umekuwa ukikushikia mkia!" Kompresa ikazima ghafla, lakini yeye sauti hakupunguza. "UNABEBA SARUJI?"

Mama alikuwa amekaa kwenye benchi kando ya matairi.

"Si saruji," alisema. "Ni mimi."

Fundi aliokota spana ambayo haikuwa imeanguka.

"Nimemwacha mjukuu wangu," Mama alisema taratibu, "kwa ajili ya springi."

"Mama, nisikilize..."

"Simama hapo. Fundi, mwoneshe matairi."

Bobini, kwa kuchanganyikiwa, alielekea kwenye matairi mapana yenye maandishi meupe.

"Hayo hayaingii kwenye gari lako," fundi alisema. "Labda uyavae mwenyewe."

"Ya mvua ni yapi?" Mama aliuliza. Fundi akamwonesha yenye mifereji mirefu ya kutoa maji, ndugu wa yale mapya. Mama aliingiza kidole kwenye mfereji, akaridhika. "Funga. Na bushi, na hiyo springi niliyoilaza."

Kazi ilipokwisha Mama alifungua mlango wa mbele akaingia. Nilikaa nyuma, mimi niliye mwembamba nisiyehesabika. Kwenye mzunguko Bobini alishika usukani kwa mikono miwili, macho ameyafumba nusu. Gari likapita sawasawa. Muuza ndizi alitupungia mkono.

"Usisimame nyumbani," Mama alisema. "Nyoosha hadi kwa binti yangu aliyejifungua. Nguo mtaniletea."

Njia nzima hakumkosoa hata mara moja. Bobini alitoka jasho.

Wiki moja baadaye nilimkuta ndani ya gari mlangoni kwangu, amekwisha kupiga honi kwa mazoea. Aliona haya. Kisha akatoa simu, akaweka sauti ya nje.

"Mama, shikamoo. Unarudi lini?"

"Gari limeharibika tena?"

"Gari ni zima kabisa."

"Basi tafuta sababu nyingine."

Bobini alitazama kile kiti cha nyuma. "Jana nimefunga breki kama naua mende," alisema, "na hakuna mtu aliyeniambia kitu."

Kwenye simu, nyuma ya Mama, mtoto mchanga alilia.

"Njoo kunichukua mwisho wa mwezi," Mama alisema. "Na begi langu utalitia kwenye buti, maana mbele nitakuwa nimekaa mimi."