Maziko Yasiyo na Mchungaji

Usiku ule Mama Pasi hakulala. Alikaa jikoni na simu mapajani, ndoo safi na sabuni vikiwa tayari karibu na mlango. Alikuwa akingoja habari kutoka nyumbani kwa mchungaji, ambako mke wa mchungaji alikuwa taabani. Binti yake alimsihi alale, kwani habari mbaya haina haja ya kuviziwa, itakuja yenyewe. Mama Pasi akamjibu kwamba hangoji habari mbaya. Anangoja zamu yake.

Jina la Pasi lilimganda kwa sababu tangu ujana wake aliwafulia watu nguo na kuzinyoosha. Watani wake walisema ni kwa sababu ya ulimi, maana nao ukishika moto huunguza. Joho la mchungaji nalo lilipita mikononi mwake kila Jumamosi, bila malipo, kwa ajili ya Mungu.

Mumewe alikuwa seremala. Siku moja mchungaji alimwita amtengenezee kiti kipya cha kanisani, kikae jukwaani, juu kuliko meza ya Bwana. Seremala alikuna kichwa, akasema kiti atakitengeneza, ila hawezi kukiinua kuipita ile meza. Alilisema hilo mbele ya wazee wa kanisa, na mchungaji akaona amevuliwa nguo hadharani. Hawakusalimiana tena.

Seremala alipokufa ghafla kwa presha, mchungaji alikataa kumzika. Mama Pasi alienda akapiga magoti kwenye zulia la sebule yake. Wazee nao wakamkumbusha kwamba siku ya kuwekewa mikono aliapa mbele ya Mungu kuwa hatamnyima mfiwa sala. Mchungaji akasema marehemu alikuwa mkaidi, na katika kanisa lake wakaidi hawaombewi.

"Kanisa lako, Baba Mchungaji?" Mama Pasi aliuliza.

"Langu," akasema, akaendelea kukoroga chai.

Basi wakamzika wenyewe. Jirani yao fundi viatu alisoma Maandiko kwa kusitasita, akiyaruka majina magumu. Wanawake wakaimba, udongo ukarudishwa, ikawa basi. Mbingu hazikuanguka. Hapo ndipo mchungaji alipojikaanga kwa mafuta yake mwenyewe, maana aliwaonyesha watu kwamba wanaweza kuzikana bila yeye. Msiba uliofuata hakuitwa, wala ule wa baada yake. Zikaja harusi, ikaja mibaraka ya watoto, nako hakuitwa. Wazee walipomsihi ashuke amwombe radhi Mungu na mjane, aliwavua uzee wote. Akabaki anahubiria mabenchi kutoka juu ya kile kiti chake, alichokipata kwa seremala mwingine. Joho lilijaa makunyanzi. Kila Jumapili Mama Pasi alisimama ng'ambo ya barabara ayatazame yale makunyanzi, na yalimshibisha kuliko chakula.

Lakini mke wa mchungaji hakuwa na makuu. Alikuwa akipita mlango wa uani kuja kumjulia hali, na seremala alipokufa ndiye aliyekuja kulia naye, mchungaji asijue.

Alfajiri simu ikalia: mke wa mchungaji amekata roho. Mama Pasi aliwaita wanawake wenzake, wakaenda. Mchungaji hakuwepo. Alikuwa akigonga milango ya mtaani kutafuta watu wa kuja kwake, na kila aliyegongewa alimwambia tangulia, nakuja. Wanawake wakaingia chumbani, wakafunga mlango kwa ufunguo, wakamwosha ndugu yao taratibu huku wakimsemesha kama yu hai. Mama Pasi alimchana nywele.

Kitasa kikatikiswa.

"Fungueni. Ni mimi."

"Mimi nani?"

"Mchungaji wenu."

Mke wa fundi viatu akaguna. "Huku hatuna mchungaji, shemeji. Labda umekosea nyumba."

Akasema anataka kumwombea mkewe kabla hajatolewa. Sauti ilimkatika katikati ya neno. Mama Pasi alikuwa ameshika ufunguo, na moyo, bila kumwomba ruhusa, ukaanza kulegea. Akausogeza mdomo karibu na ubao wa mlango.

"Baba Mchungaji, sitaki upige magoti. Sema tu hapo ulipo, walioko sebuleni wasikie: nilimwasi Mungu, nikamkosea marehemu seremala. Nafungua sasa hivi."

Majirani wachache waliokwisha kufika sebuleni wakasogea karibu. Nyuma ya mlango ikawa pumzi tu, nzito, ya mtu mzima anayepigana na nafsi yake. Mama Pasi aliuzungusha ufunguo nusu. Kisha akamsikia akikohoa, kile kikohozi chake cha madhabahuni.

"Mimi kama kiongozi wenu," akaanza, "nawaagiza..."

Mama Pasi akaurudisha ufunguo mahali pake. Akaenda kitandani, akaikunjua shuka nyeupe.

"Haya, shika huko miguuni," akamwambia mwenzake.

Kitasa kiliendelea kutikiswa. Hakuna aliyegeuka.