Besi Iliyogeuzwa Kule Vulamba

Mwezi uliopita fundi aliniletea kitanda nyumbani, hapa Butembo, nacho kilikuwa hakijakauka vizuri. Jioni nilipofungua mlango wa chumba, harufu ya kola, ile gundi ya mbao, ikanipokea, ile harufu nzito yenye uchachu kidogo, imechanganyika na vumbi jekundu la mti wa libuyu. Nikaketi ukingoni mwa kitanda kisicho na godoro, nikakaa, nikakaa. Mume wangu akaja kuuliza kama naumwa. Nikamwambia siumwi, nimekwenda kwetu Vulamba kidogo, nitarudi sasa hivi.

Wewe uliyekulia mji huu unaikumbuka mitaa ya Vulamba ya wakati ule. Ukungu wa asubuhi ulioshuka hadi kwenye mabati, mikaratusi, baridi iliyokufanya ushike kikombe cha kahawa kwa mikono miwili. Karakana ya baba ilikuwa mbele ya nyumba yetu, imeezekwa mabati yaliyotoboka. Alitengeneza milango, vitanda, viti, na katika miaka ile ya vita alitengeneza pia majeneza, mengi kuliko alivyopenda. Lakini kazi iliyomfanya apige mluzi ilikuwa bafle. Ndivyo tunavyoliita kwetu lile sanduku la mbao linalobeba spika.

Kwaya za Wakatoliki na za Waprotestanti zote zilitaka bafle za baba. Hakuwa na vipimo vingi. Aliunga mbao kwa kola na skurubu, akangoja siku mbili, kisha akaweka kiganja ubavuni mwa sanduku na kuligonga kwa mkono mwingine. Likitetemeka mahali pasipotakiwa, aliongeza ubao ndani. Akatandika sponji ya godoro kuukuu ili sauti isirukeruke, na mbele, chini ya spika, akakata tundu la duara. Watu waliuliza tundu lile ni la nini. "Sauti nayo inapumuaka," aliwaambia. "Ukiifunga yote, inakufa."

Nyaya zilikuwa kazi ya jirani yetu, fundi wa redio, mzee mwembamba aliyeongea kidogo, nguo zake zikinuka moshi wa chuma chake cha kuunganishia nyaya. Wawili hao waliweza kufanya kazi asubuhi nzima wasiseme maneno kumi, kisha wakaitana kwenda kula maharage ya mama kwa ishara ya kidevu tu.

Na alikuwepo kaka yangu mkubwa. Yeye alikuwa na gitaa la besi, la pekee mtaani petu. Baba alilipata kwa kubadilishana na kabati, kutoka kwa okesta ya baa moja iliyovunjika pale wateja walipobaki askari tu. Kaka yangu alilijua gitaa lile kama mtu anavyojua njia ya kisimani. Nyuzi mpya hazikupatikana, maana njia ya kwenda mpakani ilifunguka leo ikafungwa kesho, kwa hiyo kila mwezi alizivua na kuzichemsha katika sufuria ya mama, zitoe jasho na uchafu wa vidole. Zilirudi na mlio safi kama mpya. Mama alinung'unika kwamba maharage yake yataota kutu, lakini sufuria hakuinyima kamwe.

Siku moja mchana masasi yakaanza kulia upande wa mlimani. Sisi wengine tulijilaza chini ya vitanda kama tulivyozoea. Kaka yangu alikuwa karakanani, akanyoosha mkono kufunga dirisha. Risasi moja, iliyopotea njia, ilimchukua vidole viwili vya mkono wa kushoto, cha shahada na cha kati. Nani aliipiga hatukujua, wala hatukuwa na wa kumuuliza.

Masista kwenye zahanati walimshona vizuri na jeraha likapona. Yeye ndiye hakupona. Aliketi nyuma ya nyumba akitazama bustani ya mama, akaacha kwenda kwaya, akaacha hata kutukemea sisi wadogo. Mkono wa kushoto ndio unaobana nyuzi kwenye shingo ya gitaa, na kwa vidole viwili vya mwisho besi haibanwi. Baada ya wiki kadhaa alimletea baba gitaa likiwa limefungwa kwenye gunia.

"Baba, uuzishe hii gita. Mukono ya kuipiga haiko tena."

Baba aliliweka juu ya meza yake ya kazi. Lilikaa pale siku tatu. Kila nilipopita nilimwona analizungusha, analipindua, anarudi kwenye randa yake. Siku ya nne alimwita fundi wa redio, akamwita na kaka yangu, nami nikajipenyeza. Akalishika gitaa na kuligeuza, shingo ikaelekea kulia.

"Gita haina mukono," alisema. "Ni mutu njo iko na mukono. Weye utashika na kuume, na ile kidole kubwa ya kushoto itapiga. Siye tutaigeuza."

Kaka yangu alikataa. Alisema wakilikata litaharibika, na likiharibika hakuna lingine Butembo nzima. Nilielewa baadaye kwamba hakuogopa gitaa kuharibika. Aliogopa kutumaini. Baba hakubishana naye. Alimwomba tu ashike gitaa upande wa pili asije akakata vibaya, na kaka yangu, ambaye hakuweza kumwacha baba ahangaike na msumeno peke yake, akashika.

Kazi ile ilichukua karibu mwezi. Kwanza walichonga mwili wa gitaa, wakapunguza mbao upande uliokuwa mzima ili mkono wa kulia upate kufika juu. Vile virungu vya kuongezea sauti vilikuwa sasa vimekaa mahali ambapo mkono ungevigusa, kwa hiyo fundi wa redio akatoboa matundu mengine chini, akahamisha nyaya zote, na matundu ya zamani baba akayaziba kwa vumbi la mbao lililokandwa na kola. Shida kubwa ilikuwa kile kipande kidogo juu shingoni chenye vijia vinne, ambamo nyuzi hupita. Uzi mnene haukuingia kwenye kijia cha uzi mwembamba. Mimi ndiye niliyetumwa kwa mchinjaji sokoni kuomba mfupa wa ng'ombe. Mama aliuchemsha hadi ukawa mweupe, na baba aliuchonga kwa tupa ndogo, akavunja kipande cha kwanza, akavunja cha pili, cha tatu kikakaa.

Kisha ikabaki kujifunza. Kichwani kaka yangu alijua kila kitu, lakini mkono wake wa kulia haukujua lolote. Baba akanichongea ubao mrefu kama shingo ya gitaa, akachora kwa penseli nyuzi nne na vituo vyake. Kila nikitoka shule tuliketi uso kwa uso, magoti yakikaribia kugusana, mimi na ubao wangu, yeye na besi yake, tukawa kama mtu na kioo. Alinitajia kile ambacho mkono wake wa zamani ulikijua, kidole cha kwanza hapa, cha tatu pale. Mimi nikaweka kidole, naye akautazama mkono wangu wa kushoto na kuufuata kwa wake wa kulia. Siku nyingine alinigombeza kwa makosa yake mwenyewe. Siku nyingine tulicheka mpaka mama akatoka jikoni kutazama. Kicheko chake tulikuwa hatujakisikia tangu ile siku ya dirisha.

Wakati huo parokia moja ya Beni ilikuwa imeagiza bafle kwa ajili ya sikukuu yake, na mama aliyeongoza kwaya pale alituma habari kwamba mpigaji wao wa besi amekimbilia Uganda; kama baba anamjua mwingine, aje naye. Baba alimtazama kaka yangu. Kaka yangu akanitazama mimi, akasema bila ule ubao haendi. Mama yetu hakupenda niende, kwa kuwa njia ya Beni haikuwa ya watoto. Mwishowe alikubali, lakini mzigo aliupanga yeye. Spika huwa haisafirishwi ndani ya sanduku, maana mashimo ya barabara huing'oa kwa uzito wa sumaku yake. Mama aliiweka katika beseni, ikaenea kama iliyopimwa, akaifunika kwa sombe, majani ya muhogo ya mboga, hadi juu, akanipakatisha. "Mutu akiuliza," aliniambia, "sema ni sombe. Na kweli ni sombe."

Tulipanda lori la mahindi na vitunguu. Mbele kidogo ya Beni kulikuwa na bariyeri, kamba na vijana wenye bunduki, na mkubwa wao ameketi kwenye kiti. Walitushusha sote. Askari mmoja aliinua fungu la sombe yangu, akainusa, akaniambia imenyauka, akapita. Nililikumbatia beseni kwa mikono yote miwili. Mkubwa wao aliizunguka bafle mara mbili, akaigonga, akaisifu mbao yake. Akasema itafaa kulaza kuku wake. Baba alieleza kwa upole kwamba ni mali ya kanisa. Wakaibeba hata hivyo. Kazi yote ya baba ikaenda kuwa nyumba ya kuku.

Kisha wakafungua gunia. Askari mmoja alijua kupiga gitaa, nikaona uso wake unavyong'aa. Akalivaa, akaweka vidole, sauti ikatoka hovyo. Akajaribu tena. Nyuzi zote zilikuwa kinyume.

"Hii gita ni ya nani?" akauliza. "Nani anapigaka kitu kama hii?"

"Ni miye," kaka yangu akasema, akainua mkono wa kushoto.

Askari aliutazama. "Nani alikufanya hivyo?"

"Ni masasi."

"Masasi ya ba nani?"

"Masasi haisemaka jina."

Mkubwa wao, kutoka kwenye kiti, alisema neno moja tu la Kilingala, "Tika," yaani acha. Yule askari alilivua gitaa polepole, akalirudisha katika gunia na kulifunga yeye mwenyewe, fundo zuri. Kamba ikainuliwa.

Beni kulikuwa na joto na vumbi, na uwanja wa parokia ulijaa familia zilizokimbia kutoka Eringeti, watu wamejistiri kwa maturubai na matawi. Baba alimweleza mama wa kwaya yaliyotupata. Amplifaya ilikuwepo, jenereta ilikuwepo, spika ilikuwepo ndani ya beseni, lakini spika isiyo na sanduku ni kama kupiga kelele ndani ya mto. Sikukuu ilikuwa keshokutwa. Mama yule alifikiri kidogo, akaenda kuongea na padri, akarudi na kumwonyesha baba kabati la sakristia, la mbao za zamani, ambamo yalikaa mavazi ya misa.

"Nguo zitakaa kwa misumari," alisema. "Kata."

Baba aliomba kwanza nafasi ya kusali. Kisha akaazima msumeno na randa, tukaingia kazini kivulini mwa kanisa, na wale watu wa Eringeti wakaja kutazama, kisha wakaja kusaidia. Mmoja alishika mbao, mwingine alinyoosha misumari iliyopinda. Jumamosi mchana sanduku lilikuwa limesimama, likakosa tu kitambaa cha kufunika uso wake. Mama mmoja kati yao, aliyekuwa amekaa na watoto watatu, alifungua furushi lake, akatoa kitenge kizuri cha maua ya njano, nadhani ndicho alichokuwa akivaa kwa ibada, akakipasua katikati. Baba alijaribu kumzuia.

"Tuliacha byote kule," yule mama alisema. "Kipande hii ikae na Mungu."

Jumapili kaka yangu alipiga. Sitakudanganya kwamba alipiga kama zamani. Alitumia nyuzi mbili tu kati ya nne, jasho likimtiririka, macho kwenye shingo ya gitaa, na tundu moja la bawaba ya kabati ambalo baba hakuliziba vizuri lilinguruma misa nzima. Baba alisimama kando ya mlango, akikunja uso kila liliponguruma. Lakini wakati wa matoleo ile sauti nzito ilipita sakafuni, ikapanda kwenye mabenchi hadi mifupani mwetu, na watu wa Eringeti wakasimama, wakatembea kwa kucheza hadi altareni na mikono mitupu, hawana cha kutoa, wakacheza tu. Kaka yangu aliinua macho akawaona. Toka hapo hakuinama tena.

Baada ya misa alimwambia baba kwamba uzi ule mnene una mlio mzuri kuliko zamani.

"Ni ile mufupa," baba akajibu, akageuka haraka kuanza kukusanya vifaa.

Baba hayupo sasa, wala fundi wa redio. Pale karakana ilipokuwa wanauza simu. Libuyu imekuwa mti wa kutafutwa mbali, na kwaya zinanunua spika za plastiki zilizofungwa tayari, hakuna anayeweka kiganja ubavuni kusikiliza. Kaka yangu anaishi ng'ambo ya mpaka, anafundisha vijana besi, wote kwa mkono wa kawaida. Nikihesabu tuliyopoteza miaka ile, nashindwa kumaliza. Nikihesabu tuliyopewa, naanza na sufuria ya mama na bado sijafika mwisho.

Yule mama wa kitenge sikumuuliza jina. Nilikuwa mtoto, nikadhani watu wa namna ile ni wengi na nitamkuta tena. Kwa hiyo kila nikikutana na mtu wa Eringeti, sokoni au kwenye basi, humsimulia na kumwuliza kama anamfahamu. Hakuna aliyewahi kunijibu ndiyo. Lakini mwaka jana muuza mafuta mmoja alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia, "Mama, huyo anaweza kuwa mama yangu." Nikamshukuru kana kwamba ndiye yule mama mwenyewe.