Soksi ya Maharagwe

Mwezi uliopita nilirudi nyumbani Kanja tukabomoe jiko la zamani la nyanya yangu, lile la mbao lililokuwa limeinama upande mmoja kama mlevi anayesikiliza umbea. Tulipovuta bati la kwanza, kitu kikanidondokea kichwani. Soksi ndefu ya mpira wa miguu, iliyokuwa ya kijani kabla moshi haujaimaliza. Nikakaa palepale kwenye majivu nikacheka, kisha nikaipangusa masizi kwa kiganja. Wewe uliyelelewa na nyanya utanielewa. Ninyi wengine nivumilieni kidogo.

Nyanya tulimwita Cucu, kama nyanya wote wa kwetu Embu. Alinilea kwenye kishamba cha majani chai na kahawa, ambako siku ilianza kwa sauti ya kikombe kikigonga ndoo ya maziwa na kuisha kwa harufu ya githeri, mahindi na maharagwe, ikitokota. Kuni tulibeba mgongoni kwa kamba ya kichwani, na kulikuwa na kilima kimoja kabla ya kufika nyumbani ambacho nilikichukia kama dhambi. Lakini ajabu, kila tulipofika katikati ya kilima, mzigo wangu uligeuka mwepesi. Kwa miaka mingi niliamini kwamba Mungu ananisaidia kwa sababu niliimba vizuri kanisani. Kumbe Cucu, akitembea nyuma yangu, alikuwa akichomoa kuni moja moja na kuziongeza kwenye mzigo wake.

Shuleni nilikuwa mkimbiaji. Hata majirani niliowakanyagia viazi nikikata njia walikubali hivyo. Kidato cha tatu nilichaguliwa kukimbia mita mia nane kwenye mashindano ya kaunti, na tangu siku hiyo sikutaka kitu kingine duniani. Nilikimbia kwenda shule, kwenda kuteka maji, kupeleka maziwa barabarani. Na ni maziwa yaliyoniponza. Asubuhi moja nilisikia lori la maziwa likinguruma, nikateremka na mkebe katikati ya michai, tope likanichukua, na goti langu la kushoto likageukia upande ambao Mungu hakuupangia. Jirani yetu alikuja mbio, akanikuta nimelala chali nalia. Akauliza, "Maziwa yote yamemwagika?"

Matibabu yakaanza. Jirani huyohuyo alileta majani ya migomba aliyoyapasha motoni. Mwingine akaleta mafuta ya kondoo, nikanuka hata mbwa wetu akaanza kunifuata kwa matumaini. Akina mama wa kanisa wakaja na nyimbo, wakaweka mikono juu ya goti langu na kuomba kwa nguvu mpaka wakatoka jasho. Waliombea goti la kulia. Niliona haya kuwakatiza. Hadi leo goti langu la kulia halijawahi kuniuma hata siku moja.

Mwishowe mwalimu wa michezo akatupeleka hospitali mjini Embu, kwa daktari wa viungo, kijana mrefu mwenye mikono ya mkulima. Alilishika goti kwa upole na kunikunjisha mguu. "Haijavunjika," akasema. "Lakini hii misuli ya paja imelala. Tusipoiamsha, wewe kukimbia sahau." Akaniagiza nikae juu ya kiti kirefu kila jioni, nifunge uzito wa kilo mbili kwenye kifundo cha mguu, niunyooshe polepole na kuushusha polepole. Nikauliza uzito huo tutautoa wapi. Cucu akaniangalia kama nimemtukana. "Maharagwe tunayo," akasema.

Basi akayapima kwa mizani ya jirani anayeuza nyama, akajaza soksi yangu ya mpira, akafunga fundo. Jioni ya kwanza nilinyoosha mguu mara chache tu, machozi yakanitoka. Jioni ya pili nikalia kwa sauti. Cucu alikuwa akikoroga chungu, amenipa mgongo. Lakini wiki haikuisha kabla sijaona maendeleo. Mguu ulipanda! Kila siku ulipanda kwa urahisi zaidi, mpaka nikawa nainua soksi huku natafuna mahindi na kupiga domo. Nilimtumia mwalimu ujumbe kwamba aniandalie sare.

Tuliporudi hospitali niliingia kwa maringo, soksi begani. Daktari akanifunga uzito wake wa chuma, akasema nyoosha. Mguu ukatetemeka kidogo, ukakataa. Nikajaribu tena, ukakataa tena. Akachukua soksi yangu, akaiweka kwenye mizani, akakuna kichwa. Maharagwe hayakufika hata nusu kilo.

"Tumekula uzito!" nikapiga kelele. "Cucu, umenipikia uzito wangu!" Daktari alicheka mpaka akashika ukuta.

Cucu hakucheka. Alitengeneza leso yake, akasema kwa Kiembu, taratibu, "Hayajaliwa. Yako kwenye debe, yote. Mtoto alikuwa analia. Mtoto akilia na mzigo, unampunguzia."

Nikakumbuka kile kilima.

Daktari akavuta kiti, akakaa karibu naye. "Cucu, hiyo umefanya ni nusu ya kazi yetu. Mgonjwa akikata tamaa, sisi hatuna kazi. Sasa fanya ile nusu ingine. Kila wiki rudisha kidogo." Hapo ndipo nilipojua ninataka kuwa nani, ingawa nilikuwa bado nimenuna kwa sababu ya sare.

Mashindano ya mwaka ule yalinipita, nikalia tena. Mwaka uliofuata nilikimbia nikawa wa nne, na wanaosonga mbele ni watatu. Cucu aliwaambia watu wa soko zima kwamba wale watatu walikuwa na miguu mirefu isivyo haki.

Miaka ilipita, nikahitimu, nikapata kazi ya tiba ya viungo hospitalini mjini Meru. Ndipo Cucu alipoteleza na kuvunjika nyonga. Baada ya upasuaji nilirudi Kanja kila mwisho wa wiki, nikamfungia soksi ileile mguuni. Hakulia. Midomo tu ndiyo iliyotetemeka, na mimi sikuweza kuitazama. Aliposinzia nikafungua fundo, nikapunguza konzi moja.

Kesho yake aliinua mguu mara moja, akaushusha, akaipapasa soksi. "Rudisha," akasema.

"Nirudishe nini, Cucu?"

"Maharagwe yangu. Nimeuza maharagwe maisha yangu yote, unadhani sijui yaliyopunjwa?"

Nikarudisha. Na alitembea tena, kwa bakora, mpaka kanisani, mpaka pale Mungu alipomchukua.

Sasa jiko halipo. Lori la maziwa halipiti tena njia ile, na kilima kimechongwa barabara ambayo hakuna anayeipanda na kuni. Wengi wa wale mama walioombea goti langu zima wamekwisha kulala. Soksi niliifua, ikakataa kutakata, nikaijaza maharagwe, nikaitundika kazini Meru katikati ya mizigo yetu ya mazoezi ya rangi rangi. Wagonjwa huniuliza kama ni chakula changu cha mchana. Mmoja wao akianza kulia nayo mguuni, nasubiri atazame pembeni, nachota konzi moja. Wiki inayofuata naanza kurudisha.