Tundu la Kumi na Moja

Fomu ilirudishwa kwa mara ya tatu. Msimamizi mpya alikuwa ameizungushia wino mwekundu nafasi ile ile: Eleza uzoefu wako, hatua kwa hatua.

Shangazi, kama karakana nzima ilivyomwita, alikuwa ameshona matundu ya vifungo kwa mkono miaka ishirini na saba, kwenye kiti kile kile cha dirishani. Sasa asiyejaza fomu kufikia Ijumaa angehamishiwa kwenye kufungasha, kule nyuma kusikofika jua.

“Umeandika ‘mkono unajua’,” msimamizi alisema. “Mkono unajua nini, mama?”

“Ungeuuliza wenyewe.”

Wenzake walicheka chini kwa chini. Shangazi hakucheka, alikuwa amechoka. Neno uzoefu alilisikia tangu usichana, likitamkwa kama kitu cha kufungiwa kabatini. Kwake lilikuwa vidole vilivyodungwa, mgongo uliopinda, na siku nyingi ambazo hakuna hata moja aliyoweza kuikumbuka.

Hata hivyo alijaribu. Aliweka fomu pembeni, akashika koti la mteja, akafanya kazi huku akijitazama: hapa napima, hapa nakata. Mkono ukasita, kama mtu aliyeanza kuhesabu ngazi anazoshuka kila siku. Mkasi ukapitiliza, koti likachanika kifuani. Hakuwa amekosea hivyo tangu kitinda mimba wake alipokuwa akinyonya.

“Haya, umefurahi?” alimwambia msimamizi, akisimama. “Kaa hapa.”

Akampa kitambaa chakavu, sindano, na subana ya kukinga kidole. Tundu la kwanza lilifanana na kidonda. Kwenye la nne alijidunga, ingawa alivaa subana.

“Endelea, baba,” Shangazi alisema. “Bado hujatoka jasho.”

Tundu la kumi na moja lilikaa. Halikuwa zuri, lakini kingo zake zilinyooka. Msimamizi alilitazama kama amelikuta limeshonwa na mtu mwingine.

“Hili umefanyaje?” Shangazi aliuliza. “La kumi lilikuwa la kutia machozi.”

“Sijui. Nilikuwa navuta uzi tu, halafu mkono...”

Shangazi akamsogezea fomu na kalamu. “Andika, mwanangu. Hatua kwa hatua.”

Msimamizi alikaa na kalamu mpaka chai yake ikapoa. Mwishowe akagonga muhuri kando ya maneno ‘mkono unajua’, akainuka kwenye kiti cha dirishani.

“Na koti hili la watu?” Shangazi alinung’unika, akiketi. Alikwisha kuanza kutafuta uzi wa rangi yake.