Magoti ya Bulengera

Mu mwaka wa pili wa primaire, mwalimu wetu alikuwa anaweka kokoto ku mulango ya darasa. Mutoto akikosa, anapiga magoti palepale juu yake. Siku moja kuku yake ilipotea, akatupigisha magoti sisi bote. Kokoto ziliponiingia muzuri, nikasema ni mimi niliiba. Ile kuku sikuona hata manyoya yake. Nikaongeza na mayai, yenye hakuna mutu aliniuliza. Masomo yangu iliishia pale. Magoti nayo haikupona: mvua ikitaka kunyesha, inanijulisha mbele ya mawingu, na hapa Butembo, donc, ni kila siku.

Ni juu ya ile magoti shamba ya mulimani ilinishinda, nikaenda ku Kasindi kununua mashini ya foto. Mu foto zangu batu banasimama wima, mikono chini, na hapana kucheka.

Basi, mwaka jana chauffeur mumoja, mwenye kuendesha camion ya mizigo, akanikuta nyumbani, ku Mususa. Alikuwa anapenda binti mwenye kuuzisha bikwembe, vitenge vya bamama, ku soko ya Bulengera. Ule binti ninamuita mutoto wangu, juu nilimupiga foto tangu batizo yake. Alikwisha kukataa wanaume wawili juu ya kumungojea huyu.

«Muzee, nataka kumuuliza kama atakubali nimuoe,» akasema. «Mais asijue mbele. Nitapiga magoti na pete, kama vile wanafanya mu telefone, na wewe unapiga foto palepale.»

«Magoti mbele ya mwanamuke?»

«Ni mapendo, muzee.»

«Sawa. Vaa suruali ya nguvu.»

Siku tatu alikuya kujifunza mu kiwanja yangu. Alikuwa anapigia magoti bidon ya maji ya bibi yangu wa ndoa.

«Bidon imekubali,» bibi yangu akamuambia. «Sasa inangoja mbuzi za baba yake.»

Siku ya nne tukaenda. Mimi nilimudanganya binti kama ninapiga foto ya bikwembe, nikajificha nyuma ya ile yenye ilitundikwa. Chauffeur akaingia, amevaa chemise nyeupe, akapiga magoti. Nikabonyeza.

Mais pete alikuwa ameifunga mu ngumi, kwa woga. Na kwetu mwanaume akipiga magoti mbele ya batu, ni pardon anaomba. Binti akashusha kikwembe yenye alikuwa anakunjia mama mumoja mununuzi.

«Umekosa nini?»

Chauffeur akafungua kinywa. Ile kinywa niliijua, ilikuwa yangu ya primaire.

«Ni ule mwanamuke wa kule Beni,» akasema. «Mais mutoto ni mumoja tu.»

Habari ya Beni hakuna mutu aliuliza.

«Wa Beni ni nani?»

«Bibi yangu.»

Kidole yangu ikabonyeza tena, yenyewe, ni mazoea. Binti akamuangalia kidogo, kisha akageukia mununuzi.

«Mama, ulisema nikunje mbili ao tatu?»

«Tatu, mutoto wangu,» mama akajibu, macho ku chauffeur.

Chauffeur akasimama. Akapangusa goti moja, akapangusa ingine, akaniangalia kama vile mimi ndiye wa kumuonyesha pa kusimama. Nikamuambia, «Hapana kucheka,» juu hayo ndiyo maneno yangu ya kazi. Akapita katikati ya bikwembe, akashuka ku barabara kwenye camion yake ilikuwa, na hakurudia tena, hata kuchukua foto.