Difu ya Joleen

Verlin Schrock alitengeneza difu za magari, gia za nyuma zinazogawa nguvu ya injini kwa magurudumu mawili, karibu maisha yake yote, katika karakana iliyo nyuma ya nyumba yake huko Indiana, na hakuna aliyewahi kumsikia akilaani hata nati iliyoshika kutu. Aliiambia tu, "Njoo taratibu, mama, usinitie dhambini."

Magari aliyoletewa yalikuwa ya kutembelea barabarani, ila injini zake zilikuwa na nguvu za kung'oa nyumba. Wenyewe walitaka jambo moja: wakikanyaga mafuta, magurudumu yote mawili ya nyuma yachore mistari miwili myeusi kwenye lami. Gari lililochora mstari mmoja lilichekwa na mji mzima, hata na akina mama waliokuwa wakitoka kanisani na mabakuli yao ya viazi ya chakula cha pamoja.

Majira ya baridi yale, daktari alimwambia Verlin kwamba mapafu yake hayatafika kiangazi. Verlin alirudi nyumbani, akavua kofia, akamwambia binti yake Joleen, "Nitakufungia difu ya gari lako kabla sijaondoka." Joleen ndiye aliyekuwa mtoto wake wa pekee, na mama yake alikwisha kutangulia mbele za Bwana. Gari lenyewe lilikuwa jekundu, la zamani, wamelijenga pamoja tangu Joleen akiwa shuleni. Ilibaki difu tu.

Verlin akaagiza ile ya kufunga, inayoyabana magurudumu mawili yazunguke kama moja. Rafiki yake Lyle Mast alipoiona mezani alishangaa.

"Wewe huyu? Si ulininyima hii hii, ukasema ni ya viwanja vya mashindano, barabarani itanitupa mtaroni?"

"Ulikuwa unaendesha kama mbuzi."

"Na sasa je?"

"Kama mbuzi mzee."

Lyle alicheka peke yake. Verlin alikuwa akiitazama ile difu. "Ya plati ni tulivu, lakini plati zenyewe, visahani vya kusuguana, zinachakaa, Lyle. Lazima mtu aifungue, azibadilishe. Nikishakwenda, nani atamfungulia mwanangu? Hii ni chuma kitupu. Itatuzika sote."

Lyle akachukua spana. Wakaifunga.

Verlin hakuwahi kukabidhi gari kwa mtu kabla hajakaa kiti cha abiria siku ya mvua. Mvua ya masika ilipoanza, akaingia kwa shida na mtungi wake wa hewa, akaweka mikono magotini, Joleen akaendesha. Kwenye kona ya maghala ya mahindi Joleen aligusa mafuta kidogo tu. Difu ikajifunga kwa mshindo, gurudumu la ndani na la nje yakalazimika kwenda pamoja kama farasi wawili kwenye nira moja, na nyuma ya gari ikaruka upande. Walisimama wakiwa wameelekea shambani.

"Baba! Umeumia?"

"Zima injini kwanza." Verlin alifumba macho, midomo ikicheza kwa maombi. Kisha akasema, "Iondoe."

"Nitaizoea, Baba."

"Mvua haitakuzoea wewe. Nimechagua kwa woga, Joleen. Tutaweka ya plati."

"Ataifungua nani?"

"Wewe."

"Mimi nasafisha meno ya watu!"

"Aliyezoea kuchokonoa vinywa vya walevi hawezi kuogopa difu."

Joleen alicheka huku akilia, wakarudi nyumbani polepole.

Tangu siku hiyo, kila jioni baada ya kazi, Verlin alikaa kwenye kiti cha jikoni katikati ya karakana na Joleen akafanya kazi ya kufunga difu ya plati. Hakugusa kitu. Joleen akipanga plati vibaya, alisema tu, "Fungua, anza upya."

"Si unionyeshe, Baba."

"Mikono yangu inapumzika. Anza upya."

Akafungua, akafunga, mpaka vidole vikajua njia. Verlin alifariki asubuhi moja ya Mei, kwa amani, plati zikiwa zimepangwa kwenye taulo safi. Baada ya maziko, Joleen aliingia karakanani peke yake akamalizia, machozi yakimzuia kuona vizuri.

Jumapili iliyofuata ilikuwa ya kubariki magari, kama kila mwaka barabara zikishasafishika chumvi inayomwagwa kuyeyusha barafu wakati wa baridi. Yalipangwa kwenye uwanja wa kanisa, mchungaji akipita gari kwa gari. Joleen alipokata kona kuingia, nyuma kukanguruma, gari lote likatetemeka. Watu wakageuka. Lyle akaja mbio.

"Imevunjika, binti yangu. Ngoja nimwite fundi wa mjini aje alivute."

"Subiri, Ami Lyle." Joleen aliendesha hatua chache tena, dirisha wazi, akisikiliza. Haikuwa imevunjika. Plati zilikuwa zinang'ang'aniana. Alipomalizia huku akilia, alitia mafuta mazito ya difu akasahau kichupa cha mafuta ya kulainisha plati.

Kichupa kilikuwa kwenye buti, bado hakijafunguliwa. Akalala chini ya gari na gauni lake jeusi, akafungua nati ya pembeni, akayasukuma mafuta hayo ndani kwa bomba la mkono. Kisha akaomba nafasi. Magari yakasogea pembeni, naye akazunguka uwanja polepole, kulia, kushoto, kulia, akichora namba nane, ili mafuta yapenye kati ya plati. Mngurumo ukapungua. Akazunguka mpaka zikasikika kokoto tu chini ya matairi.

Mchungaji akaweka mkono kwenye boneti, akauliza kama alivyouliza kwa kila gari, "Nani aliyelitengeneza, nimwombee?"

Lyle alifungua mdomo kutaja jina la rafiki yake, akajizuia.

"Mimi," alisema Joleen. Akanyoosha mikono yake iliyojaa mafuta, na mchungaji akaishika hivyo hivyo.