Mama Mkwe Katikati ya Daraja

Mtaani walimwita Bwana Zamani, na jina hilo alilistahili. Ukimuuliza saa, atakueleza kwanza saa ya mnarani iliwekwa mwaka gani na nani alishika ngazi. Kazi yake ilikuwa kupakia wageni kwenye gari lake dogo jeupe, kuwazungusha kutwa kwenye vijiji vya kale na mitambo ya wakoloni na mababu, na kusimulia bila kumeza mate. Wageni walishuka wakitabasamu. Mama mkwe wake tu ndiye aliyekataa katakata kuiita hiyo kazi.

"Mwanamume mzima anaonyesha watu mawe," alikuwa akimwambia bintiye, mkwe mwenyewe akiwa pale pale sebuleni, anasikia.

Safari hii alikuja na jambo zito. Kaka yake alihitaji mtunza ghala wa saruji, na nafasi ilikuwa ya Bwana Zamani, atake asitake. Mke akaomba kitu kimoja, mama apande gari siku moja akajionee. Mama akakubali kwa sharti: akiona kazi, atanyamaza, akiona uzururaji, Jumatatu mkwe aripoti ghalani. Jamani, Bwana Zamani alikuwa akipiga chafya kwa kuliona tu gunia la saruji! Jumamosi alfajiri alipiga pasi mpaka soksi.

Mambo yakaanza vibaya. Kwenye kijiji cha kwanza, chenye nyumba za mawe zilizosimama miaka mia tatu, mama alisema kuta zimepinda, akamkemea mwenyeji kwa kutofagia. Kwenye kinu cha kale aliangalia gurudumu kubwa la mbao likisukumwa na maji, akauliza kwa nini wasinunue mashine ya umeme. Bwana Zamani akajikaza kisabuni. Alikuwa amebakiza daraja.

Daraja lile haliinuki, linazunguka. Limekaa juu ya nguzo moja katikati ya mto, na mashua ikija, fundi aliyeko ukingoni anasukuma mkono wa chuma, daraja zima linageuka mpaka linalala sambamba na mto, ncha zote mbili hewani, halishiki ng'ambo hii wala ile. Walipofika katikati, mama akaona benchi, akaketi, akafungua mwavuli wake mweusi, akavua viatu, akasema miguu imechoka na asisumbuliwe. Sasa niambie wewe, mkwe gani atamwambia mama mkwe ainuke? Bwana Zamani akarudi ukingoni kwa adabu, akangoja.

Mashua ya mchanga ikapiga honi. Fundi wa daraja, pande la mtu lililokuwa likimenya yai, akauliza swali lake la kila siku: wageni wameshuka wote? Na Bwana Zamani akafanya analofanya kila siku, akafungua daftari lake kuhesabu majina. Ukurasa ulikuwa mweupe. Mama mkwe si mgeni, ni wa nyumbani, hakumwandika.

"Wote," akajibu, bila wasiwasi wowote.

Daraja likaanza kuzunguka, na ule mwavuli mweusi ukazunguka nalo. Bwana Zamani akapiga yowe, fundi akashtuka, akavuta mkono wa chuma kwa nguvu, pini ikakatika, daraja likakwama. Mashua ikapita salama. Mama akabaki katikati ya mto, miguu mitupu, viatu pembeni. Fundi akapanda baiskeli kwenda kutafuta pini mjini, akaahidi kurudi baada ya saa moja na nusu.

Bwana Zamani alilowa jasho. Aliona ghala, aliona saruji, alijiona akipiga chafya mpaka kustaafu. Kwa kuwa hakujua kufanya lolote lingine duniani, akaanza kusimulia. Alipaza sauti juu ya maji: nani alichora daraja, gololi ngapi za chuma ziko chini yake kulizungusha, namna siku ya ufunguzi watu walivyoogopa kukanyaga. Ulimi ukanoga. Ukanoga mno, maana ukafika pale penyewe wageni wanapocheka kila siku.

"Basi mhandisi, ili kuwatoa hofu, akamketisha katikati mama..."

Akajiuma ulimi.

"Mama nani?" sauti ikatoka chini ya mwavuli.

"Mama mkwe wake, mama."

"Endelea. Akamfanyaje?"

Uongo haukuja. "Wakalizungusha, kisha wakaenda kula, wakamsahau mpaka jioni."

Mwavuli ukaanza kutikisika. Bwana Zamani akaona amemliza mama wa watu, akatamani mto ummeze. Kumbe mama alikuwa anacheka, anacheka mpaka akashika benchi. Kisha akaamuru aanze upya, toka kwenye gololi, maana huko mwanzo hakuwa akisikiliza.

Fundi aliporudi na pini, hadithi ilikuwa imesimuliwa mara mbili na nusu. Njia nzima ya kurudi Bwana Zamani hakuthubutu hata kutazama kioo.

Nyumbani mama alimpigia kaka yake simu hapo hapo, akamwambia atafute mtu mwingine wa ghala, huyu ana kazi. Kisha akamgeukia mkwe, akamwambia afungue daftari. Jumamosi ijayo angekuja na wifi yake, yule aliyemsema miaka thelathini kwamba hajui kupika.

"Andika jina langu tu, la wifi acha," akasema. "Yeye atakaa kwenye lile benchi. Na fundi akiuliza kama wameshuka wote, nitajibu mimi."